Afrika inapasuka, sawa. Lakini Mbeya hakuna shimo linalofunguka: ganda jipya la dunia linavyotengenezwa

Mwanajiwe (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Ile picha imerudi tena kwenye magrupu. Barabara imekatika, mtaro umefunguka wa kuzamisha mtu na bodaboda yake, na juu wameandika kwa herufi nyekundu: AFRIKA YAGAWANYIKA, MBEYA KUWA BAHARI. Shangazi yangu wa Isyesye kanipigia simu kuuliza kama auze kiwanja haraka au akishikilie, maana kikiwa cha ufukweni si kitapanda bei?

Nimesomea miamba na ndiyo inayonilisha, kwa hiyo ngoja niliweke hapa tumalizane.

Kwanza picha. Hiyo ni Kenya, upande wa Narok karibu na mlima Suswa, Machi 2018. Mvua zilikuwa kubwa, na ardhi ya pale ni majivu ya volkano yaliyolaliana tu. Maji yakapita chini kwa chini, yakasomba udongo, juu pakaporomoka. Mtaro ule ulichimbwa na maji. Bara halikupasuka wiki ile.

Pili, kwamba Afrika inaachana ni kweli tupu. Ganda la dunia limegawanyika vipande vikubwa vinavyosogea, vinaitwa mabamba. Magharibi kuna bamba la Nubia, mashariki bamba la Somalia, na katikati yao vipande vidogo kama Victoria na Rovuma. Ethiopia wanaachana kwa milimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Huku kwetu kusini mwendo ni mdogo zaidi. Hata tukisema milimita 4, tangu Uhuru mwaka 1961 hadi leo haujafikia urefu wa rula ya shule. Vipimo hivi havitoki kichwani mwa mtu: kuna mitambo ya GPS imefungwa kwenye mwamba wenyewe, inasoma mwaka baada ya mwaka.

Sasa jambo lililonileta. Watu wakisikia "mabamba yanaachana" wanaona akilini pengo, giza, halafu maji ya bahari yanamiminika. Pengo halipo. Kadiri mabamba yanavyovutana kwenda pembeni, mwamba wa chini ya ganda, ule ambao wataalamu wanauita mantili, unapanda taratibu kujaza nafasi. Na ukipanda unaanza kuyeyuka wenyewe, bila mtu kuongeza moto.

Inakuwaje? Aliyewahi kupika maharage Kitulo anajua adha yake. Pale ni mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo, maji yanachemka kwenye nyuzi 91 tu na maharage yanagoma kuiva. Ukipunguza mgandamizo, maji yanachemka mapema. Na mwamba nao, ukipunguziwa mgandamizo, unayeyuka mapema. Huko chini una joto la nyuzi 1,300 hivi na bado ni mgumu, kwa sababu umebanwa na makumi ya kilomita za mwamba juu yake. Unapopanda, ule mzigo unapungua, joto halijapotea sana, basi sehemu yake inayeyuka. Si yote. Chini ya bahari ni kama asilimia 10 hadi 20. Hicho kilichoyeyuka, yaani rojo, ni chepesi, kinapenya juu, kinaganda. Ndilo ganda jipya.

Kiwanda kikubwa cha kazi hiyo kiko chini ya bahari. Kuna safu za milima zinazozunguka dunia nzima chini ya maji, jumla kama kilomita 65,000, na vilele vyake viko kina cha kilomita 2.5 hivi. Katikati ya safu hizo ndipo mabamba yanapoachana. Atlantiki inapanuka kwa sentimita 2 hadi 4 kwa mwaka, Pasifiki ya mashariki mpaka sentimita 15. Rojo likitoka linakutana na maji baridi, linaganda papo hapo na kuwa mabonge ya mviringo yaliyopandana. Chini yake kuna rojo lililopita kwenye nyufa na kugandia humo likiwa wima, na chini zaidi lile lililopoa polepole likawa na chembe kubwa. Jumla yake unene wa kilomita 7 hivi, basalti (lile jiwe jeusi la volkano) na jamaa zake. Maji ya bahari yanaingia kwenye nyufa, yanapashwa moto, yanarudi juu kama moshi mweusi yakiwa na nyuzi zaidi ya 350. Kwa kina kile hayachemki kwa sababu mgandamizo ni mkubwa. Yaleyale ya Kitulo, kinyume chake.

Karibuni. Maswali ruksa, matusi hapana.

Dalali Isyesye

Kwa hiyo matangazo ya "beach plot Uyole" nifute? Nilishachora na mnazi.

Mwanajiwe

Mnazi kwa baridi ile ya Uyole, mkuu? Futa.

Swali Gumu

Mtaalamu, nakukatisha kidogo. Kama kila mwaka kunatengenezwa ganda jipya, dunia ingekuwa inavimba. Mbona haivimbi? Na nani alishuka kilomita 2.5 chini ya maji akaona?

Mwanajiwe

Swali zuri, ndugu. Haivimbi kwa sababu kwingine ganda la zamani linazama. Pwani ya Chile, Japani, Indonesia, huko bamba moja linapiga mbizi chini ya lingine na kurudi kwenye mantili. Ndiyo maana ukitafuta sakafu ya bahari yenye umri mkubwa, katika bahari kuu huipati inayozidi miaka milioni 200 hivi, wakati mabara yana mawe ya miaka bilioni 4. Bahari inajifanyia ukarabati, bara linakaa na uzee wake.

Nani aliona? Walianza kwa kupima kina kwa mwangwi wa sauti. Miaka ya 1950 mama mmoja wa Marekani, Marie Tharp, alikuwa anachora ramani ya sakafu ya Atlantiki kwa vipimo hivyo, akaona kuna bonde limepita katikati ya safu ya milima. Mwenzake Bruce Heezen mwanzoni aliona ni hadithi. Mwaka 1962 Harry Hess akaandika kwamba sakafu ya bahari inatandazwa kutoka kwenye safu hizo. Mwaka 1963 Fred Vine na Drummond Matthews wakaleta ushahidi wa sumaku, na hapo ubishi ukaanza kuisha.

Huo wa sumaku ndio naupenda kuliko yote. Basalti ina chembe za madini ya chuma, na inapoganda chembe zile zinabaki zimeelekea upande ambao sumaku ya dunia ilielekea siku hiyo. Sumaku ya dunia ina tabia ya kugeuka, kaskazini inakuwa kusini. Mara ya mwisho ilikuwa kama miaka 780,000 iliyopita. Basi ukipita na meli juu ya safu ya milima ukipima, unakuta mistari: huu wa kawaida, huu umegeuka, huu wa kawaida. Na mistari ya upande wa kulia inafanana na ya kushoto kwa upana na mpangilio. Hakuna njia nyingine ya kuipata hiyo isipokuwa ganda liwe linazaliwa katikati na kusukumwa pande zote mbili.

Semi_Tunduma

Nimeelewa ya baharini. Sasa turudi barabarani kwetu. Mimi nikipita Chimala naangalia ule ukuta wa kwenda Matamba, zile kona Hamsini na Saba, najiuliza nani aliuinua. Chini Usangu tambarare kama meza, mpunga mpaka macho yanachoka, halafu ghafla ukuta. Hauna mteremko wa adabu kama milima mingine.

Mwanajiwe

Dereva una jicho. Ule ukuta ni uso wa ufa. Ganda likivutwa linakonda, na likikonda linavunjika kwa mshazari. Kipande kimoja kinateleza chini, cha pembeni kinabaki juu au kinainuka. Usangu ndicho kipande kilichoshuka. Ukiwa Matema kwenye mchanga, geuka tazama Milima ya Livingstone inavyosimama moja kwa moja kutoka majini: habari ni ileile, ila kule kimeshuka zaidi. Uso wa Ziwa Nyasa uko kama mita 475 juu ya bahari na kina chake kinafika mita 700. Fanya hesabu, sakafu ya ziwa iko chini ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 200. Tanganyika ni zaidi, kina chake ni mita 1,470. Na hiyo sakafu si mwamba, ni tope na mchanga wa mamilioni ya miaka, kilomita kwa kilomita, mwamba uko chini huko. Rukwa nayo ilishuka sana, ila mito imeijaza udongo, ndiyo maana ziwa lake leo ni la kina kifupi.

Kwa hiyo Mbeya yetu ni njia panda ya Bonde la Ufa. Mkono wa Rukwa unatoka kaskazini magharibi, wa Nyasa unaenda kusini, wa Usangu unaenda kaskazini mashariki. Pale mikono mitatu inapokutana ndipo imesimama milima yetu ya volkano: Ngozi, Rungwe na Kyejo. Haikuwa bahati mbaya.

Binti Gangilonga

Kamwene kaka Mwanajiwe. Mimi niko kidato cha sita hapa Iringa. Naomba unisaidie kitu kinachonichanganya. Umesema mantili ikipanda inayeyuka na kuwa ganda jipya. Rungwe ni volkano na basalti ipo. Je, Rungwe ni ganda jipya kama la baharini au siyo? Maana mwalimu alisema siyo, lakini hakueleza kwa nini.

Mwanajiwe

Kamwene mdogo wangu. Mwalimu wako yuko sahihi, na hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Bahari inapopanuka, ganda la zamani limeshaachana kabisa. Kati ya upande huu na ule hakuna bara tena, kilichopo ni rojo lililoganda tu. Mbeya bara bado limeshikana. Ganda la bara huwa na unene wa kilomita 35 hadi 40, na chini ya bonde letu limekonda lakini halijakatika. Rojo linatoboa ganda hilo la zamani na kumwagika juu yake, na njiani linabadilika. Linakaa kwenye vyumba chini ya ardhi, madini mengine yanaganda na kubaki, yanayobaki kwenye rojo ni mengine. Ndiyo maana pale Rungwe hupati basalti peke yake, unakuta na mawe mepesi ya rangi hafifu, na lile jiwe lenye vitundu linaloelea majini. Rojo la namna hiyo ni zito kutiririka na limejaa gesi, likitoka linalipuka. Rungwe ililipuka hivyo kama miaka 4,000 iliyopita.

Kwenye mtihani ungeweza kuandika hivi: Rungwe ni nyongeza juu ya ganda la zamani. Ganda jipya kamili linaanza bara likishakatika.

Ukitaka mahali panapokaribia kukatika, nenda Afar, Ethiopia. Septemba 2005 pale kwenye volkano ya Dabbahu ardhi ilifunguka kwa urefu wa kilomita 60, na kuna sehemu pande mbili ziliachana mita 8. Muda wake? Wiki chache. Lakini hata pale hapakubaki shimo la kilomita 60. Rojo lilipanda kutoka chini likaingia kwenye ufa likaganda humo kama ukuta wa wima, kilomita za ujazo 2.5 hivi. Satelaiti za rada ziliona ardhi ya pembeni inavyoinuka na ya katikati inavyoshuka. Kwa hiyo zile milimita 5 kwa mwaka ni wastani tu. Ardhi inakaa kimya karne kadhaa, inalimbikiza, halafu inalipa deni lote kwa mkupuo.

Na nyie wa Iringa mmekaa kwenye mwamba mkongwe, karibu miaka bilioni 2. Lile jiwe la Gangilonga unalolipanda jioni ni la zamani kuliko bahari yoyote iliyopo duniani.

Binti Gangilonga

Asante sana kaka. Nimekopi yote kwenye daftari.

Babu wa Isongole

Vijana, nawasoma. Sisi tumezaliwa chini ya Ngozi. Nilivyosikia mimi, lile ziwa lilichimbwa na jiwe kutoka mbinguni, kama lile la Mbozi. Unasemaje wewe msomi?

Mwanajiwe

Shikamoo babu. Jiwe la Mbozi kweli ni la mbinguni, chuma tupu, yapata tani 16. Lakini Ngozi ni kazi ya ndani. Chumba cha rojo chini ya mlima kilimwaga mali yake yote kwa mlipuko, kikabaki kitupu, paa likadondoka ndani. Maji ya mvua yakajaa, ukapata ziwa la urefu wa kilomita 2.5 lisilo na mto wa kutoka. Majivu ya mlipuko wa mwisho yametapakaa huko kwenu, na umri wake hauzidi miaka elfu moja. Wazee wa wazee wenu huenda waliuona, babu.

Babu wa Isongole

Marahaba. Elfu moja tu? Basi hao wazee walikuwa na roho ngumu kurudi kujenga palepale.

Maparachichi Tu

Babu, walirudi kwa ajili ya udongo. Mimi niko juu ya Tukuyu, hapa ukichomeka fimbo inaota. Ila swali langu ni la usalama. Kyejo inaweza kuamka? Na matetemeko?

Mwanajiwe

Kyejo ilitoa lava mara ya mwisho karibu mwaka 1800, kwa hesabu za jiolojia hiyo ni juzi. Mlima wa namna hiyo hauitwi mfu. Ila kabla ya kulipuka huwa kuna dalili: matetemeko madogo madogo mfululizo, ardhi kuinuka, gesi na chemchemi kubadilika.

Cha kukuhangaisha zaidi ni viwili. Cha kwanza ni tetemeko. Tarehe 13 Desemba 1910 lilipiga upande wa Rukwa na kusini mwa Tanganyika, ukubwa wake kama 7.4, ni kati ya makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika Mashariki. Desemba 2009 Karonga, hapo ng'ambo ya Kyela, yalipiga mfululizo, kubwa lao 6.0, na nyumba nyingi za matofali zikaanguka. Tetemeko lenyewe haliui sana, ukuta ndio unaoua. Ukijenga, funga mkanda wa zege wenye nondo juu ya msingi na pale kwenye lenta, uzunguke nyumba nzima bila kukatika. Pembe za nyumba zishikane. Kenchi zifungwe kwenye ukuta, zisikae tu kwa uzito wake. Fundi akikwambia "huku hakuna tetemeko", tafuta fundi mwingine.

Cha pili ni gesi.

Semi_Tunduma

Hiyo gesi naijua! Kuna jamaa zangu wanabeba mitungi kutoka Kyejo, inaenda kwenye viwanda vya soda.

Mwanajiwe

Ndiyo hiyo hiyo, hewa ya ukaa. Inatoka kwenye rojo lililo chini, inapanda kwenye nyufa. Ikivunwa vizuri ni mali. Ikitoka yenyewe kwenye bonde dogo siku isiyo na upepo, inatulia chini kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Haina rangi, haina harufu. Ukiona vishimo ambavyo ndege na panya wanakutwa wamekufa bila jeraha, usimruhusu mtoto kuingia kucheza, wala usilale hapo eti umechoka na jembe.

Joto la chini kwenye bonde hilihili ndilo linalopasha chemchemi za maji moto za Songwe. Yanatoka na nyuzi 80 na kitu, yamebeba chokaa, na chokaa ikiganda ndiyo zile marumaru wanazochonga. Kampuni ya serikali ya jotoardhi inafanyia utafiti Ngozi na Kiejo-Mbaka (Kiejo ni Kyejo hiyohiyo) kwa ajili ya umeme. Kenya, Olkaria, wanaufua siku nyingi kwenye bonde hilihili.

Swali Gumu

Haya, tuambie basi bahari inafika lini Mbeya. Usikwepe.

Mwanajiwe

Sikwepi. Kipimo cha karibu ni Bahari ya Shamu. Uarabuni ilianza kujivuta kutoka Afrika kama miaka milioni 30 iliyopita, lakini ganda la kweli la bahari pale katikati lilianza kutandikwa miaka milioni 5 hivi iliyopita. Bara lilivutwa zaidi ya miaka milioni 20 ndipo likakatika. Na kule mwendo ni mkubwa kuliko wetu. Volkano za Rungwe zimeanza kama miaka milioni 9 iliyopita, jumlisha mwenyewe.

Halafu kuna jambo watu wa magrupu hawalisemi. Inaweza isifike kabisa. Bonde likianza halina mkataba wa kumaliza. Dereva, wewe si umewahi kubeba makaa ya mawe?

Semi_Tunduma

Sana. Kiwira, na Ngaka kule Mbinga.

Mwanajiwe

Makaa hayo ni miti na majani ya mabwawa ya zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Mabwawa yalikaa wapi? Kwenye mabonde yaliyofunguka wakati huo, ardhi ikivutwa kama inavyovutwa sasa. Yalishuka, yakajaa mchanga na mimea, na maeneo yetu haya yakaishia hapo. Bara halikukatika. Bahari ilikuja kufunguka baadaye, mashariki huko, Madagaska ilipojitoa. Na mabonde ya leo, kama Rukwa, yamepita juu ya makovu yale yale, kwa sababu ganda lililowahi kuvunjika ni rahisi kuvunjika tena. Kwa hiyo ukipakia makaa Kiwira unapakia jaribio la kwanza, na barabara ya kurudi Uyole inapanda kati ya volkano za jaribio la pili.

Dalali Isyesye

Sasa hili ndilo tangazo. "Kiwanja chenye majaribio mawili ya bahari."

Binti Gangilonga

Kaka, klabu yetu ya jiografia inataka kuja likizo. Tuone nini tusipoteze nauli?

Mwanajiwe

Shukeni Chimala mtazame ukuta kutoka chini, hamna haja ya kupanda kona zote. Siku inayofuata nendeni Songwe kwenye maji moto, lakini msitumbukize mkono. Kisha Kiwira kwenye Daraja la Mungu: mto umepita chini ya lava iliyoganda, na mwamba wenyewe mnaugusa. Malizieni Matema, mkae mchangani mtazame Livingstone. Ngozi ni nzuri ila msitu una utelezi, mchukue mtu wa pale awaongoze.

Semi_Tunduma

Na Matema msiende na basi kubwa kipindi cha masika, ile njia ya kutoka Ipinda inanasa. Pandeni Noah.